Aliyemtoa Malkia wa Mchwa

"Ombi la Ukaguzi wa Wadudu Waharibifu wa Majengo ya Makazi": hilo ndilo jina ambalo mchwa wetu walipewa na serikali. Nilipokuwa mtoto pale Kasingirima sisi tuliwaita mchwa tu, nao waliitika kwa kula. Walianzia chini ya nguzo ya kati, wakapanda kwa vijia vyao vya udongo mpaka kwenye boriti. Ukiigonga ile nguzo kwa kidole, ilijibu kama debe tupu.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Baba alikuwa karani aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Alioa hapo akahamia hapo, jambo ambalo bibi hakulisema ila alihakikisha halisahauliki. Dawa ya baba kwa kila kitu ilikuwa kuandika. Aliamini kwamba jambo lisilo na nakala halijatokea duniani. Akapeleka ombi kwa Bwana Afya, tukangoja. Mchwa hawakungoja.

Bibi naye alikuwa na dawa yake. Majivu na majani ya sumu ya utupa yaliyotwangwa ni vya kuwazuia wasirudi. Kwanza malkia achimbuliwe. Lakini kulikuwa na sharti ambalo mtaani kwetu, Waislamu kwa Wakristo, hakuna aliyelifanyia mzaha: malkia ni mama mwenye nyumba. Ukimtoa kwake, nawe utatolewa kwako. Jirani yetu Mzee Hamisi, aliyekuwa akichimba makaburi ya mtaa mzima bila woga, alimwambia bibi, "Dada yangu, kaburi nitakuchimbia hata leo. Hilo, hapana."

"Kaburi la leo jichimbie mwenyewe," bibi akamjibu.

Ndipo akamkumbuka Nestori. Miaka ile watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kukimbia vita, na Nestori na mkewe Espe walikuwa wakiishi kwenye jiko letu la nje. Kwa sheria walitakiwa wawe kambini. Kwa desturi ya Kasingirima walikuwa wageni wa bibi, basi. Nikiwa mtu mzima nimeitafakari sana hesabu ya bibi siku ile. Haikuwa na ukatili ndani yake. Mtu asiye na nyumba, atatolewa wapi?

"Sharti unalijua?" alimwuliza.

"Ego, mukecuru, ndiyo bibi, hata kwetu lipo." Nestori akacheka. "Lakini kwangu walishachoma. Huyo malkia kachelewa."

Espe hakucheka. Alikuwa amechutama nyuma ya jiko akipalilia tuta lake la mboga ya lengalenga. "Usimguse," akasema.

"Nyamaza, mama. Boriti ikianguka itawaangukia watoto hawa," akasema Nestori.

Watoto hawa tulikuwa sisi. Alichimba mpaka shimo likamfika kifuani. Malkia alikuwa mnene kama kidole gumba, mweupe, akipumua mwili mzima. Bibi akamtumbukiza kwenye majivu ya moto. Nguzo mpya ikapakwa oili chafu, ikasimikwa, na jioni hiyo tulikula ugali na dagaa chini ya boriti bila kutazama juu.

Wiki hiyohiyo akaja Bwana Afya, na kofia yake, na baiskeli, na kijana wa kumshikia kalamu.

"Mchwa wako wapi?"

"Wamekwisha," akasema baba, kwa aibu ya mtu aliyealika mgeni kwenye harusi ya jana.

"Hawawezi kuisha kabla ya kukaguliwa." Akauona udongo mbichi. "Nani kachimba hapa?"

Nestori akajitokeza, kifua mbele, maana kazi ilikuwa nzuri. "Ni mimi, mzee." Lafudhi ile ilitosha.

"Wewe unakaa wapi?"

Bibi akakohoa. Baba akatazama viatu vyake. Nestori angeweza kusema amepita tu kusalimia. Badala yake alinyoosha mkono, akaonyesha jiko, tuta la lengalenga, na khanga ya Espe kwenye kamba. "Pale. Kwangu ni pale."

Nilikuwa kando ya bibi. Nilimwona akiushika ukuta.

Karandinga lilikuja siku chache baadaye, mchana kweupe, likiwazoa waliokaa nje ya kambi. Espe aling'oa lengalenga lote pamoja na udongo wake, akalifunga kwenye khanga. Askari mmoja akamwambia mboga hazihitaji kibali, akacheka peke yake. Bibi alisimama mlangoni akirudia, "Nilidhani hana kwake. Jamani, nilidhani hana."

Mtaani walisema malkia kalipiza. Baba alisema ni utekelezaji wa agizo. Nimesoma vitabu vya kutosha kuwakatalia wote wawili, lakini nikijaribu maneno hunishinda, kwa sababu sharti lilitimia kama lilivyosemwa. Kosa letu lilikuwa kwingine: tulidhani mtu akifukuzwa kwake hubaki hana kwake milele, kumbe huyu alikuwa amekwishaanza tena, jikoni mwetu, mbele ya macho yetu, na hatukuona ila moshi.

Masika yalikuwa hayajaisha Espe alipotuletea habari kupitia mwanamke mmoja wa soko la Mwanga. Nestori amekufa kambini kwa kuhara. Nyumba ya bibi haikuanguka.