Walivyomficha Graciela

Graciela Tropeano alikuja kijijini kwetu Serrapiana na mabegi mawili na cheti cha ubatizo cha babu wa babake, aliyetoka huku milimani kwenda Argentina asirudi tena. Kule aliuza saluni yake. Huku akapanga nyumba inayotazamana na yangu, akabandika jina lake mlangoni, akaomba uraia wa Italia kwa haki ya damu. Manispaa wakamwambia sawa, ila askari atapita bila taarifa kuhakikisha kweli anakaa hapa. Asipomkuta, na majirani wakasema hawamjui, ombi limekufa.

Basi mwanamke akajifunga ndani kama kuku anayeatamia. Mkate nampelekea mimi. Siku ya kupika nyanya za kuweka kwenye chupa nikachoka naye, nikamvuta mkono mpaka uani kwangu.

Na askari naye akachagua siku hiyo hiyo. Sisi tumezama kwenye nyanya mpaka viwiko, yeye anagonga nyumba tupu. Akamgeukia jirani yetu Bibi Assunta, aliyekaa mlangoni pake akimenya maharage.

"Bibi, unamjua Graciela Tropeano?"

"Simjui."

"Si anakaa hapo mbele yako?"

"Mwanangu, macho yangu mabovu. Hapo naona mlango tu."

Mabovu! Bibi huyo humwona paka wangu akiiba samaki mtaa wa pili. Askari akamwuliza Rocco, fundi viatu. Rocco akasema nyumba ile ina panya tu.

Kwetu mwenye sare akimuulizia mtu, ni kodi, jeshi au jela. Mtoto hujifunza hilo kabla ya kujua kusali.

Kisha Bibi na Rocco wakaja uani kwangu wamevimba vichwa.

"Dada, tumekuokoa," Rocco akasema. "Kuna askari alikuwa anakutafuta. Tumemzungusha mpaka kaondoka."

Graciela akaweka mwiko chini. Akakaa juu ya kreti la nyanya, zikapondeka, akalia. "Sina pa kurudi," akasema. Mimi nikawamwagia wale wawili maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya padri.

Bibi Assunta akaenda kuvaa viatu vyake vya kanisani. Tukateremka manispaa sote na aproni zetu nyekundu, ungedhani tumetoka kuchinja.

Askari alikuwa ameshaandika: hakai mtu.

"Nilikudanganya," Bibi akamwambia. "Anakaa pale."

"Kwa nini sasa, Bibi?"

"Si ni wetu. Angekuwa mgeni ningekupeleka mpaka mlangoni kwake, na kahawa ningekupikia. Wewe umeona wapi mtu akamficha mgeni?"

Askari mwenyewe ni mtoto wa mlima wa pili, na bibi anaye. Graciela akamshika Bibi mkono asiuachie, na mimi na ukali wangu wote machozi yakanilenga.

Askari akapiga mstari juu ya alichoandika. "Lakini lazima nije nimkute kwa macho yangu," akasema. "Siku siwaambii. Na wewe Bibi, nikikuuliza tena, utanijibu ukweli?"

Bibi akafikiri sana. Maskini, alitaka kweli kusema ndiyo.

"Sidhani," akasema. "Wewe gonga tu. Tutamfungia ndani."