Mama Elisabeth na nyumba ya buluu iliyopanda lori

Saa kumi na moja alfajiri, mama Elisabeth Musoki anafungua mlango wa nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu, kando ya maegesho ya malori yaendayo Mambasa, hapa Bunia. Anafunga kitenge kiunoni, anawasha makaa, kisha anaitazama sufuria kubwa ya maharage kwa jicho baya.

"Siye tulishaachana," anaiambia. "Angalia sasa tuko wapi."

Kwa miaka thelathini na moja mama huyu alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana. Alipostaafu mwaka juzi, akiwa na miaka sitini na mmoja, aliapa mbele ya mume wake, Aimé, ambaye mtaani anaitwa Baba Jemima, kwamba hapiki tena chakula cha umati.

"Nilimuambia: maharage ya batoto mia tatu nimemaliza. Sasa ni yako na yangu tu. Na yako kidogo."

Shule ilimpa malipo yake ya mwisho, dola elfu moja na mia nane. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana pesa ya mstaafu hunukia mbali. Shemeji yake akaja na mradi wa nguruwe. Mwenzake wa kwaya akaja na duka la dawa. Mama akakataa yote. Yeye angekopesha watu kwa faida, na kwa gage tu: anayekopa anaweka nyumba yake, akishindwa kulipa, mkopeshaji anaishika na kuitumia mpaka deni liishe.

"Pesa inaweza kukimbia," anasema. "Nyumba itakimbilia wapi?"

Mteja wa kwanza alikuwa Kasereka, seremala, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na mabati yanayong'aa. Alitaka dola mia tisa anunue mashine ya kupasulia mbao. Walipeana mikono mbele ya chef wa avenue, kiongozi wa mtaa. Kasereka akaendelea kulala humo, na mama akapewa ufunguo mmoja wa mlango, kama ilivyo desturi, kuonyesha kwamba nyumba iko mkononi mwake. Aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Miezi sita waliyokubaliana ikaisha, na simu ya Kasereka ikawa haipatikani. Mama akavaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda pikipiki kwenda kuishika nyumba yake.

Haikuwepo. Sisemi ilikuwa imefungwa, wala kwamba ilikuwa imeuzwa. Haikuwepo kabisa! Palikuwa na matuta ya viazi, na mzee mmoja, Kambale, akipalilia.

"Muzee, nyumba ya Kasereka iko wapi?"

"Walibomoa, mama. Mbao, mabati, mlango, yote walipakia ku lori. Kiwanja ni yangu. Yeye alikuwa analipa tu kodi."

"Lakini mi niko na ufunguo!"

"Basi uchunge muzuri," mzee akamjibu, akarudi kwenye viazi vyake.

Tucheke, lakini tucheke polepole. Bunia nzima inajua kwamba nyumba ya mbao hubomolewa kwa siku mbili na kusimamishwa kwingine. Mama Elisabeth mwenyewe alizaliwa katika nyumba iliyohama mara tatu. Aliuliza habari za nyumba, akasahau kuuliza ardhi ni ya nani.

"Nilijua! Kabisa nilijua!" anasema huku akijipiga paji la uso. "Lakini alikuwa amepaka rangi ya buluu. Nani anapaka rangi nyumba ya kubomoa?"

Siku ile alilia mpaka kitenge cha Pasaka kikalowa. Nusu ya jasho lake la miaka yote ilikuwa imepanda lori. Baba Jemima alimpa pole, kisha akamkumbusha kwamba mradi wa nguruwe bado upo. Hawakusemeshana mpaka Jumapili.

Rangi hiyo hiyo ndiyo iliyomwumbua Kasereka. Jirani yao, Françoise, alimsimulia mama kwamba amekula katika mgahawa wa buluu karibu na malori, na tumbo lake bado linamlaani. Mama hakungoja amalize. Alifika, akaona kuta zake, mabati yake, na Kasereka akiwagawia madereva maharage yaliyoungua.

"Hii nyumba ni ya mujomba wangu," Kasereka akawahi kusema.

Mama hakubishana. Alitoka, akauvuta mlango, akaufunga kwa ufunguo wake, wote wakiwa ndani. Kisha akaufungua. Madereva wakapiga meza kwa kicheko.

"Patron, hii nyumba iko yake!"

Kasereka akaketi chini. Mashine ilikuwa imeungua mota, na mzee Kambale alikuwa amepandisha kodi. "Mama, sikukimbia, nilihama tu," akajitetea. "Gage yako iko hapa. Hata musumari moja haikupotea."

Mama akaonja maharage, akayatema. "Nikajua huyu mutoto hatalipa hata deni ya kiberiti," anakumbuka. Angeuza mbao, asingepata hata mia tatu. Kwa hiyo akashika gage yake kama desturi inavyomruhusu, akaitumia. Na matumizi ya nyumba hiyo yalikuwa kupika.

Huu ni mwezi wa saba tangu aanze kupika humo. Sahani ni franga elfu tatu, madereva wanapanga foleni, Kasereka anaosha vyombo huku akitazama mama anavyopika, na faida inakwenda kwa mama. Juma hili zimebaki dola sitini za deni. Kasereka anazo mfukoni mwa shati, za vibarua vya mbao, mama ameziona, lakini hazitoi.

"Mama, haraka ya nini?" anasema. Anajua akilipa leo, mama ataacha mwiko, na kesho madereva watahama.

"Sijaona mutu iko na pesa na anaogopa kulipa," mama anasema, na sasa hacheki. "Magoti inaniuma. Nataka pesa yangu, nataka na usingizi yangu."

Ndiyo maana leo sufuria aliyoiwashia makaa haipiki yeye. Amemwachia Kasereka mwiko. Kunapopambazuka anaketi kwenye benchi la wateja, anapokea sahani na kula. Madereva wanangoja zamu yao. Kasereka anajifuta jasho kwa aproni.

"Chumvi," anasema mama.

Kasereka anaongeza. Dereva mmoja anaonja, anamaliza, anasukuma sahani mbele. "Ongeza."

Mama Elisabeth anamgeukia seremala, ananyoosha kiganja. Kasereka anautazama mlango, anawatazama madereva, mwishowe anaingiza mkono mfukoni.

Atakopesha tena, ananiambia akikunja noti, lakini safari hii atashika ardhi, mbao wabaki nazo. Hiyo ni ya mwezi ujao.

"Kesho nalala mpaka saa tatu," anasema. "Baba Jemima atapika."