Kitambaa Chini ya Kompyuta

Nimelala katika vyumba vingi vya kupanga, lakini sijaona nyumba iliyovikwa nguo kama ya Mama Vitambaa, mwenye nyumba wangu. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, jokofu lake, hata simu ya mezani iliyokufa zamani ilifunikwa kwa heshima zote. Vingine aliviuza kwa maharusi. "Wanasema kinyozi hajinyoi," aliniambia. "Mimi najinyoa."

Kompyuta mpakato aliletewa na dada yake aliyehamia ng'ambo tangu ujana, ili Jumapili waonane uso kwa uso. Mama Vitambaa akaifumia kitambaa kinene cha kulalia, chenye maua ya kuinuka, akaiweka juu yake sebuleni.

Mazungumzo yalianza kwa salamu: magoti, presha, wapwa, bei za vitu. Feni ya kompyuta ikaanza kuhema kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Ndipo dada alipofikia alichokitaka. "Sasa mdogo wangu, nieleze. Mama, zile siku za mwisho, aliniulizia?"

Kioo kikawa cheusi.

"Hiyo mashine yako ina akili," dada alisema Jumapili iliyofuata. "Nikimtaja mama tu, inazimia."

"Ni joto, Dada. Inachemka."

"Wewe ulikuwa hivyo hivyo. Ukiulizwa nani kavunja sahani, tumbo linauma."

Wakacheka wote wawili. Salamu zikaisha, feni ikahema, kompyuta ikazimika tena.

Nikamletea fundi wa mtaani. Aliigusa kwa chini, akaondoa mkono haraka. "Mama, hii ni kompyuta au jiko?" Akaifungua, akachokoa kwa brashi bonge la nyuzi za pamba lililoziba feni. Kisha akaonyesha kitambaa. "Matundu ya hewa yako huku chini. Umeivika blanketi, halafu unashangaa inatoka jasho. Hiki kiweke juu ya redio."

"Redio ina chake."

Juu ya meza tupu kompyuta ilifanya kazi bila feni kuhema. Fundi akaenda zake. Jumapili nilipopita sebuleni, kitambaa kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Mama, si fundi alisema?"

"Meza itachunika," akajibu bila kuinua macho. Sikubisha. Meza haikuwa yangu.

Kompyuta ikaendelea kuzimika. Polepole dada akaacha kuuliza, wakabaki na magoti na bei za vitu. Halafu siku moja mpwa, mtoto wa huyo dada, akapiga simu: mama yake kapigwa na kiharusi. Yu hai, ila hawezi tena kusema.

Mama Vitambaa alinieleza yaliyobaki tukiwa jikoni, mikono yake kwenye maji ya vyombo.

"Mama alikuwa anamwita yeye. Mimi ndiye niliyemwosha, niliyemgeuza kitandani, na jina lililokuwa mdomoni mwake si langu. Nikasema, nitampigia kesho. Kesho ikaja na msiba." Akaisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. "Angekuja. Siku ile ile angepanda ndege."

"Na kitambaa?"

"Nilikirudisha kwa mkono huu. Kila Jumapili nilisema, acha nipate moja tu nyingine ya kucheka naye, ndipo nitamwambia."

Jumapili iliyofuata alikiondoa kitambaa, akakikunja, akakiweka kitini. Mpwa alikuwa ameishikilia simu yake mbele ya kitanda cha mama yake. "Ongea tu, mama mdogo," alisema. "Anasikia. Kama anaelewa, hapo sijui."

Hakuanza na magoti. "Alikuita, Dada. Kila siku alikuita. Mimi ndiye niliyekunyima."

Uso ule ulimtazama. Mdomo ulicheza upande mmoja, ukatulia. Mama Vitambaa akasema tena, sasa kwa kirefu, akitaja kitanda kilipokuwa, mama alivyogeukia mlango kila ulipogongwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyoiona simu pale pale kando ya taa. Alipomaliza akangoja. Nami, nikiwa mlangoni, nilijikuta nasikiliza feni. Haikulia.

"Dada," alisema, "nitukane basi."

Waliendelea kutazamana hadi mpwa alipoaga. Mama Vitambaa akabaki ameketi, kiganja juu ya kompyuta. Ilikuwa baridi kama sahani.