Siku Mgeni Rasmi Alipofuta Mvua ya Kasulu

Jamani, hili nalisimulia huku nimefunika uso, maana hadi leo nikipita Kasulu kuna watu wananiuliza kama ile mvua ilirudi.

Miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye mradi wa utafiti wa mvua, na kompyuta yetu moja (ile ya maandishi ya kijani, haiwaki bila jenereta) ilikuwa na programu ya kukokotoa vipimo kutoka Kabanga, Muyama na vijiji vingine. Mwongozo wake ulikuwa rundo la karatasi, kila mtu kaongeza zake, ukitafuta jambo unatoka jasho, basi bosi wetu Bwana Mathiasi akaniambia niupange vizuri kabla mgeni rasmi hajaja kutoka mkoani. Mimi nami, kwa kujiona nimesoma, nikakumbuka faharasa ya kitabu cha nyimbo za kanisani, jinsi unavyoupata wimbo chapuchapu kwa kufuata alfabeti, nikasema hapa ndipo penyewe. Nikazipanga sura zote kwa alfabeti, nikazipa namba mpya, nikazifunga kwa uzi mwekundu, na nakala nyingine nikaiandaa kwa ajili ya wenzetu wa Kibondo. Dada Yusta, aliyekuwa ameingiza vipimo vya msimu mzima kwa vidole vyake (nakala ya kwenye disketi tulisema tutaitoa baada ya sherehe), akaniuliza kama nimeujaribu. Nikamjibu kwamba alfabeti haijaribiwi.

Siku ikafika. Sasa kwetu mgeni rasmi akishashika kitu, awe anakata utepe au anapanda mti, hakuna wa kumgusa mkono, mnasimama mnatabasamu mpaka amalize. Akakaa kwenye kompyuta, akaomba mwongozo, akasema ataufuata mwenyewe ukurasa kwa ukurasa aone kama mtu wa kawaida ataweza. Sura ya kwanza, Chapa: printa ikatema karatasi nyeupe, tukapiga makofi. Ya pili, Fungua: mvua yote ikajaa kwenye kioo, makofi zaidi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baada ya Fungua inakuja Futa, na Nakili, ile ya kutoa akiba, nimeiweka huko nyuma kabisa, nikamtazama bosi, bosi akanikodolea macho nitulie, mgeni akabonyeza, kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, naye akasoma kwenye mwongozo kwa sauti, "Kubali," akakubali. Kioo kikabaki cheusi. Watu wakapiga makofi kuliko mwanzo, isipokuwa Yusta, aliyesema taratibu, "Mawe," yaani mama yangu kwa kilugha chetu, akakaa chini.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mgeni alifurahi mno, akaagiza ule mwongozo wa Kibondo uondoke saa ile ile na gari lake, wenzetu waanze kuutumia kesho asubuhi. Nikaiona mvua ya Kibondo nayo inakwenda. Nikainua mkono kama mtoto wa shule, nikasema samahani mheshimiwa, umefuta.

"Nimefuta nini?"

"Mvua, mheshimiwa. Mvua ya Kasulu yote, ya msimu mzima."

Akanitazama, akautazama uzi mwekundu, akauliza nani aliyepanga kurasa zile, nikasema ni mimi, kwa alfabeti. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema hajawahi kupewa madaraka makubwa namna hiyo. Bosi hakucheka.

Adhabu yangu ikawa kuingiza vipimo vyote upya kutoka kwenye karatasi za vijijini, Yusta ananisomea tarakimu huku anamenya karanga, na kila karatasi ikiisha ananiuliza, "Sasa unafanya nini, mdogo wangu?"

"Nanakili, dada."

Mwongozo niliupanga tena, pamoja na ule wa Kibondo ambao haukuondoka, kwa jinsi kazi inavyokwenda, Futa nikaitupa mwisho kabisa. Ila mimi na alfabeti basi tena, nimeapa: hata kanisani nikitafuta wimbo napekua ukurasa mmoja mmoja tangu wa kwanza, wenzangu wanafika ubeti wa tatu mimi bado natafuta, na Yusta kule kwenye kwaya ananitazama tu.