Chuo Alichochagua Dada Zaina

Harufu ya mawese yaliyopashwa moto ndiyo harufu ya utoto wangu kule Kabambare, mashariki mwa Kongo. Nilizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu, ambao kwetu huitwa SS, na kila mvua zilipoanza, baridi iliniingia viungoni nikalia mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa amefariki, Baba alishinda dukani kwake akiuza chumvi na sabuni. Aliyenikanda kwa mafuta yale, taratibu, alikuwa dada yangu Zaina. Nilikuwa na miaka kumi alipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kuanza kutafuta chuo.

Moyo wake ulikuwa Bukavu. Rafiki yake aliyesoma huko alimsimulia ziwa linaloonekana kutoka darasani, maktaba, na wasichana wanaobishana na walimu wao bila woga. Zaina aliyarudia maneno hayo akisonga bugali, kama mtu anayeonja chakula cha jirani. Baba akataka aione kwanza Kasongo, ambako shangazi yetu angetupokea sote wawili. Tukapanda pikipiki, tukafika tumejaa vumbi. Chuo kilikuwa safi na kimya, wanafunzi wachache wapole wakinakili masomo ubaoni. Zaina alimuuliza msichana mmoja wanafanya nini masomo yakiisha. Msichana akajibu kwamba wanarudi nyumbani.

Kesho yake mvua ya kwanza ikanyesha, nami nikaanguka kwa maumivu nyumbani kwa Shangazi. Zaina alinikanda hadi nikatulia, kisha akasema bila kuinua uso, “Shangazi, nitasoma hapa. Bukavu iko baridi sana kwa huyu mutoto.” Shangazi akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Zaina akaomba aongezewe mafuta. Mgonjwa haulizwi uji, nami sikuulizwa, lakini nakumbuka nilivyofurahi. Nililala usingizi mtamu kuliko wa siku zote.

Leo Zaina ni mwalimu Kasongo, na sijawahi kumsikia akilalamika. Mimi dawa za siku hizi zimenisaidia, na ndimi niliyesoma Bukavu nikabaki huko. Nimelitazama ziwa kutoka darasani, nimebishana na walimu, na kila mara nilijiona nimekaa mahali pa mtu mwingine. Sasa Amina, binti wa Zaina, anatafuta chuo. Picha za vyuo vyote anaziona kwenye simu, jambo ambalo sisi hatukulipata, lakini juzi alinipigia akisema atasoma Kasongo, kwa sababu miguu ya mama yake inavimba na hataki kumwacha. Kabla sijajibu, Zaina akaichukua simu, akatoka nayo nje.

“Mwambie niko muzima,” alisema. “Mwambie akuje kwako. Mutu akisha kubaki, hatoki tena.”

Nikamwambia Amina hivyo, kwamba mama yake ni mzima. Atafika mwezi ujao. Zaina atabaki Kasongo kwa mara ya pili, na safari hii mimi si mtoto wa kulala usingizi mtamu bila kujua.