Mabibo ya Shamba la Mama Dina

Siku Benjamin alipokuja na mgeni, alisalimia vizuri kabisa. "Shikamoo, shangazi." Mama Dina akaitikia marahaba, akawaletea viti, akadhani wamekuja kuangalia mikorosho ilivyochanua. Mara yule mgeni akatoa tepu, akaanza kupima kuanzia mlangoni pake kuelekea shambani. Hapo akajua shamba linauzwa.

Mimi ni jirani yake hapa Lulindi, tunaimba pamoja kwaya ya kanisa, na siku zote namjua kuwa ni mtu wa woga. Pikipiki ikisimama nje, yeye anauliza kwanza nani kafa. Lakini woga wa safari hii ulikuwa mwingine. Aliacha kula. Nikimpelekea uji mchana kweupe, hafungui mlango mpaka niseme ni mimi Mama Gabriel, tena niseme mara mbili.

Habari yenyewe ni hii. Shamba alilinunua yeye, kwa jasho lake la kupika katika shule ya bweni kule Chidya. Ila karatasi ya mauziano iliandikwa jina la kaka yake, Zabroni. Hakuna aliyemlaghai. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayewashikia mali watoto wa dada yake. Wakati ule mume wa Mama Dina alikuwa hai, na ndugu wa mume walikuwa na macho ya tamaa. Akaona shamba likikaa kwa jina la mjomba, limekaa salama. Kwake ilikuwa kama kumpa mtu akushikie mtoto wakati unafunga kanga.

Mwaka jana Zabroni akafariki. Mahakama ikamteua mwanawe Benjamin kuwa msimamizi wa mirathi, naye katika karatasi za marehemu akalikuta shamba. Mahakama haijui mambo yetu ya mjomba, inajua mjane na watoto wa marehemu. Akapata mnunuzi kutoka Newala. Leo sidhani kama Benjamin alikuwa mwizi, ingawa siku zile nilimwita hivyo na zaidi ya hivyo.

"Nenda barazani," nikamwambia Mama Dina.

"Nikaseme nini, Mama Gabriel? Nikisema shamba langu, nimemwita kaka yangu mwizi, na mwenyewe yuko kaburini hawezi kujitetea."

"Na usiposema, utalala wapi?"

Akalia. Nikamkasirikia, kwa sababu hata mimi nilikuwa naogopa.

Tulikwenda baraza la kata. Alinishika mkono njia nzima. Benjamin alikuja na karatasi zake. Sisi tulikwenda mikono mitupu, maana mashahidi wa mauziano walikwisha kufa wote. Mwenyekiti alipomuuliza Mama Dina, sauti haikutoka. Nikamfinya. Ikatoka kidogo.

"Kaka alinishikia tu."

"Ushahidi uko wapi, shangazi?" akauliza Benjamin. "Jina la baba hili hapa."

 Nikajua tumekwisha. Ndipo mjumbe mmoja, Bi Fatu, akamgeukia Regina, mjane wa Zabroni, mama yake huyo Benjamin. Sasa ujue, hapa mabibo hayaokotwi ovyo. Unamwomba mwenye mikorosho, unachukua tunda ukakamue uraka wako, ile pombe ya mabibo, na korosho unazinyofoa unampelekea mwenyewe.

"Mama Benjamin," akasema Bi Fatu, "mumeo alipotaka mabibo ya shamba lile, alikuwa anamwomba nani?"

Benjamin akacheka, akaona ni swali la walevi. Mama yake hakucheka. Alimtazama mwanawe, akatazama chini, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Kumbe hatukuwa peke yetu wenye hofu mle ndani. Akisema kweli, anamnyang'anya mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilikuwa namwombea aseme.

"Alikuwa ananituma kwa wifi," akasema Regina. "Kila msimu. Na korosho nilikuwa namrudishia wifi, kwa mikono yangu hii. Baba yako hakuwahi kuokota bibo pale bila kuomba."

 Benjamin akakunja karatasi zake, akasema hatauza. Baraza likaandika mapatano kwamba Zabroni alibeba jina tu, shamba ni la aliyelinunua.

Karani akauliza jina gani lipelekwe serikali ya kijiji. Njiani Mama Dina alikuwa ameniambia kwamba Mungu akisaidia, ataandikisha jina la Nehemia, mwanawe wa kiume. Nikamsubiri amtaje. Alikuwa bado anaogopa, pengine kuliko tulipoingia.

"Ethel," akasema.

Karani akainua kichwa. "Ethel ndiye nani?"

"Ni mimi."