Chenji ya Fundi Cherehani

Jirani yangu wa hapa Msamala, fundi cherehani, siku hizi haipi tena barabara mgongo. Amegeuza cherehani yake ili amwone kila anayekuja. Hodi ikipigwa, mguu unasimama juu ya pedeli na mkono unafunika mfuko wa gauni, hata kama aliyekuja ni mteja wa kupunguza sketi. Yalianza siku aliyokwenda mjini kununua vitambaa vya sare, keshia akakosea akampa chenji ya mteja mwingine, laki nzima na zaidi. "Sikuiba, jirani," huniambia, wala sijamuuliza. "Nilipewa mkononi." Kisha hukata uzi kwa meno na kuchungulia nje tena.

Juzi jumuiya yetu ilisali kwake, maana zamu ilikuwa yake. Alitandika mikeka, akaanzisha wimbo kwa ile sauti yake nene inayosikika hadi bombani. Ulipofika wakati wa maombi, mama mmoja aliyehamia karibuni kutoka Madaba akajifunga kanga vizuri, akasema taratibu, "Tumwombee binti yangu. Ni keshia kwenye duka la vitambaa, na pesa imepotea mikononi mwake. Wamempa mpaka Jumatatu awe amelipa, la sivyo ni polisi." Mkono wa fundi ukaingia mfukoni, ukabaki humo. Wote tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Yeye, ambaye siku zote hututangulia, alifumba mdomo kama mtu anayeogopa kusikiwa.